Bomba Kwanza, Gari Baadaye

Leo nazungumza na ninyi mnaoishi kwenye miji ya theluji, na hasa wenzangu wa Buffalo, magharibi mwa jimbo la New York, ambako siku hizi ukipita Grant Street ni lazima usikie Kiswahili kabla hujafika unakokwenda. Wengi wetu tulifika hapa kutoka Kongo na Burundi, tukapitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma, na huko kote hakuna aliyetuelekeza namna ya kufukua nyumba iliyozikwa na theluji. Tumejifunza kwa kuwatazama majirani. Ninalotaka kusema leo ni kwamba hata majirani wengi huanzia pasipotakiwa.

Dhoruba ikishapita, upepo ukatulia, jua likatoka, mtu hufungua pazia na macho yake hutafuta kitu kimoja tu: gari liko wapi? Hapo hapo anavaa mabuti, anashika beleshi, anatoka. Simlaumu. Gari ndiyo kazi, na kazi ndiyo kodi ya nyumba. Anayelipwa kwa saa hana mapumziko ya theluji. Saa asiyofanya kazi haimo kwenye malipo yake. Lakini ndugu zangu, gari ni la mwisho. La kwanza ni bomba la hita.

Leo hii, kabla theluji kubwa haijaja, zunguka nyumba uliyopanga uangalie ukuta kwa nje. Kama hita yenu ni ya gesi, tena ya miaka ya karibuni, huenda ukaona bomba moja au mawili ya plastiki nyeupe yametokeza ukutani, mara nyingi chini, usawa wa goti au hata chini ya hapo. Moja huvuta hewa safi, jingine hutoa hewa iliyoungua. Nyumba inapumulia hapo. Theluji inayopeperushwa na upepo hujikusanya kwenye kuta, na kwa usiku mmoja yaweza kuyafunika mabomba hayo kabisa. Mkiwa na bahati, hita itajizima yenyewe na mtabaki na baridi. Mkikosa bahati, ile hewa iliyoungua itarudi ndani, nayo ina kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu na kichefuchefu, anadhani ni uchovu wa kukesha, anajilaza kidogo. Kujilaza huko ndiko kunakoua.

Gesi hii si ngeni kwetu. Nani hajasikia habari ya familia iliyolala na jiko la mkaa ndani, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi, asubuhi ikabidi mlango uvunjwe? Huko kwenye nyanda zetu za baridi, iwe Njombe au Limuru, watu wanaonywa juu ya jambo hili kila mwaka. Gesi ni ile ile, jiko tu limebadilika. Kwa hiyo umeme ukikatika, jiko la mkaa lisiingie ndani, wala lile la kuchomea nyama linalokaa kibarazani. Oveni ya gesi isiwashwe ikaachwa wazi ili ipashe chumba joto. Mwenye jenereta aiweke nje, mita 6 au zaidi kutoka nyumbani, na moshi wake uelekee mbali na milango na madirisha.

Na king'ora cha gesi hiyo kiwepo, tena kiwe na betri nzima. Jimbo la New York lina sheria iliyoanza kutumika mwaka 2010 inayotaka nyumba za kuishi ziwe nacho. Sheria hiyo inaitwa Amanda's Law, kwa jina la msichana wa miaka 16 wa West Seneca, mji ulio jirani kabisa na Buffalo, aliyekufa kwa gesi hii mwaka 2009 alipokuwa amelala kwa rafiki yake. Msichana huyo alikuwa mwenyeji wa baridi hii. Ukihamia nyumba isiyo na king'ora, mwambie mwenye nyumba, na umwambie kwa maandishi.

Kulifukua bomba lenyewe ni kazi ya upole. Usilichokoe kwa ncha ya beleshi, kwa sababu plastiki iliyokaa kwenye baridi kali hupasuka. Piga magoti, tumia mikono iliyovaa glavu, malizia kwa ufagio. Tazama mdomoni mwa bomba kama hakuna barafu iliyoganda kwa ndani. Kisha ondoa theluji pande zote, hatua moja nzima kutoka ukutani, ili upepo ukirudi usipate pa kuijaza upesi. Mita ya gesi nayo ifagiliwe kwa mkono, isigongwe. Na mkiwa mnaweza kutoka bila hatari wakati dhoruba ikiendelea, bomba hilo liangaliwe zaidi ya mara moja.

Nimetanguliza bomba, lakini kulifikia kunahitaji mlango, na mlango una mambo yake. Nyumba nyingi tunazopanga hapa ni za mbao, ghorofa mbili, familia moja juu na nyingine chini, na nyingi zina umri wa zaidi ya miaka 100. Mlango wa nje kabisa, ule mwepesi wa kioo, hufunguka kwa nje. Theluji ya kufika kiunoni ikishauegemea, wanaume wawili wanausukuma na haujongei. Sasa fikiria beleshi umeliacha kibarazani, upande wa pili wa mlango huo! Beleshi lilale ndani, msimu mzima. Mlango ukikataa, mtu mzima mmoja apitie dirisha la chini na aje aufukue kwa nje. Ukishafunguka, nenda kwenye mlango wa nyuma, kwa kuwa moto ukizuka ndani ya nyumba ya mbao mnahitaji njia mbili za kutokea.

Sasa tuje kwenye kufukua kwenyewe, na hapa naomba baba zangu na kaka zangu wanisikilize, maana wanaoanguka wengi ni wanaume.

Theluji mpya ni nyepesi mkononi, watoto hurushiana. Lakini piga hesabu. Njia ya gari ya urefu wa mita 10 na upana wa mita 3, theluji ikiwa nusu mita, ni mita za ujazo 15. Theluji laini, iliyoanguka usiku huo, ina kilo kama 100 kwa kila mita ya ujazo. Jumla ni kilo 1,500, sawa na mifuko 30 ya saruji, na yote unaiinua kwa mikono. Theluji hiyo ikikaa siku mbili tatu na kujishindilia, au ikinyeshewa mvua, beleshi lile lile litabeba uzito mara mbili au tatu ya huo. Na baridi yenyewe haikai pembeni ikitazama. Inabana mishipa ya damu, presha inapanda, na kazi ya mikono huupeleka moyo mbio kuliko kazi ya miguu. Mtu ambaye miezi yote amekaa kwenye kiti au kwenye gari anatoka alfajiri, tumbo tupu au limeshiba sana, na kuanza kuinua saruji hiyo akiwa amebana pumzi.

Novemba 2022, huko Orchard Park, kusini mwa Buffalo, ilianguka theluji ya inchi 80, yaani zaidi ya mita 2, ndani ya siku chache. Mechi ya timu ya Buffalo Bills iliyokuwa ichezwe uwanja wa huko ilihamishiwa Detroit. Kaunti ya Erie, ambamo Buffalo imo, ikatangaza vifo vya watu wawili ambao mioyo yao ilishindwa wakati wa kuondoa theluji. Hawakuwa wamepotea njiani, wala hawakukosa blanketi. Walikuwa wanasafisha.

Basi fukua kwa kusukuma kadiri unavyoweza, kuinua kuwe pale tu inapobidi. Theluji ikiwa nene, ikate kwa tabaka, juu kwanza, usizamishe beleshi hadi chini kisha ukang'ang'ana nalo. Jaza nusu. Geuza miguu yako unakotaka kutupa, usipinde mgongo. Paka beleshi mafuta kidogo ya kupikia ili theluji isigande juu yake, utaona kazi inavyokuwa nyepesi. Kila baada ya dakika 15 au 20 ingia ndani, kunywa kitu cha moto, badilisha fulana ikiwa imelowa jasho, kwa sababu jasho likipoa mwilini ndipo baridi inapokuingia vizuri. Mwenye presha, mwenye kisukari, mvutaji sigara na aliyewahi kuugua moyo wamwachie mwingine kazi hii. Kifua kikibana, maumivu yakitambaa kwenye mkono au taya, jasho la baridi likikutoka, pumzi ikikata, hapo kazi imekwisha. Piga 911. Usiseme ngoja nimalizie hapa.

Kuhusu 911 kuna jambo nalisikia sana kwa wazee wetu: wanaogopa kupiga kwa sababu Kiingereza chao ni kidogo. Piga. Taja mtaa na namba ya nyumba kwanza, halafu sema "Swahili". Vituo vingi vya dharura nchini Marekani hutumia wakalimani kwa njia ya simu. Anwani ya nyumba iandikwe kwenye karatasi na ibandikwe karibu na mlango, watoto na wageni wote waione.

Nimeitaja Novemba 2022, na wengi mnangoja niitaje Desemba ya mwaka huo huo. Dhoruba ile ilianza Ijumaa tarehe 23. Marufuku ya kuendesha gari ilianza saa tatu na nusu asubuhi, nalo tangazo lilitoka asubuhi hiyo hiyo, watu wakiwa wameshaingia zamu au wako barabarani wanakwenda. Hali ya upepo mkali na theluji isiyopitisha macho iliendelea kwa saa 37. Hadi inakwisha, kwenye uwanja wa ndege wa Buffalo ilikuwa imepimwa inchi 51.9, kama sentimita 132. Magari ya zimamoto na ambulensi yalikwama, na magari ya kusafisha theluji nayo yakakwama. Watu zaidi ya 40 walikufa katika kaunti ya Erie. Wengine walikutwa nje, wengine ndani ya magari, wengine ndani ya nyumba zilizokosa joto, wengine walihitaji ambulensi isiyoweza kufika, na wengine mioyo iliwasaliti wakiwa wanafukua. Katika jiji lenyewe, zaidi ya nusu ya waliokufa walikuwa watu weusi. Mmoja wao alikuwa mkimbizi kutoka Kongo.

Ninaona uchungu kila nikiifikiria ile saa tatu na nusu. Mwajiri anayemtaka mtu afike kazini siku ambayo hali ya hewa imeshatabiriwa vibaya kwa siku kadhaa, na serikali inayongoja asubuhi ifike ndipo izuie magari, wote wawili wanamwachia mlipwaji wa saa uamuzi ambao si wake peke yake. Kwa hiyo nikisema gari liwe la mwisho, nawaambia pia wenye viwanda na maghala: mpigieni mtu wenu simu jioni ya jana yake, mwambieni abaki nyumbani, na mwambieni kazi yake ipo.

Kwa nini iwe Buffalo kila mara? Ziwa Erie limelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki kwa karibu kilomita 390, na Buffalo iko kwenye ncha yake ya mashariki. Mwanzoni mwa majira ya baridi maji bado yana joto la kiangazi. Upepo mkavu wa baridi ukipita juu ya ziwa kwa urefu wake wote, unakusanya mvuke njia nzima, kisha unaumwaga nchi kavu kwa mikanda myembamba ya mawingu. Ndiyo maana mtaa mmoja huzikwa na mwingine, mwendo wa dakika kumi, una jua. Usimpigie ndugu yako wa upande mwingine wa mji ukauliza kama kuna theluji. Tazama ulipo wewe. Ziwa likishaganda, chanzo hicho cha mvuke hufunga, ingawa wazee wa hapa watawasimulia Januari 1977, ziwa lilipokuwa limeganda tayari na upepo ukaizoa theluji iliyolala juu ya barafu na kuileta mjini.

Haya, gari. Kabla ya ufunguo kuzungushwa, fukua nyuma, lilipo bomba la moshi, hadi ulione lote na chini yake pawe wazi. Januari 2016, huko Passaic, New Jersey, baba mmoja alikuwa anafukua gari la familia. Mama na watoto wawili wadogo walikaa ndani, injini inaunguruma, ili wapate joto. Bomba la moshi lilikuwa limezibwa na theluji. Mama na watoto wake wote wawili walikufa, mtoto mmoja siku chache baadaye hospitalini. Baba alikuwa nje hapo hapo, anawafanyia kazi. Watoto wabaki ndani ya nyumba hadi gari liwe wazi pande zote. Watasumbua, watalia wanataka kutoka. Wabaki ndani.

Paa la gari nalo lisafishwe, maana ukifunga breki theluji yote inashuka kwenye kioo cha mbele. Ukitupa, usitupe barabarani, ni kosa, na greda la kusafisha theluji likipita litakurudishia. Na hilo greda ndilo linalowavunja watu moyo: umemaliza, unavua glavu, linapita na kuacha ukuta wa mabonge ya barafu mdomoni mwa njia yako. Mabonge hayo ni mazito kuliko theluji yote uliyoondoa, na wakati huo umechoka. Dawa yake ndogo ni hii. Simama mdomoni mwa njia yako, ukiitazama barabara. Hapa magari hupita kulia, kwa hiyo greda litakuja kutoka mkono wako wa kushoto. Rundo lako liwe kulia, na upande wa kushoto, pembeni mwa barabara, fukua nafasi ndogo tupu. Greda litamwaga sehemu kubwa ya mzigo wake pale kabla ya kufika kwako. Haliondoi tatizo lote, lakini hupunguza nusu ya kilio. Na watoto wasichimbe mapango kwenye marundo ya kando ya barabara, kwa kuwa dereva wa greda hawaoni.

Chumvi ya kuyeyushia barafu itumieni kwa akili. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri, chumvi ya kawaida hulegea sana. Siku hiyo mwaga mchanga, upate pa kukanyaga. Sheria ya jiji inamtaka mwenye nyumba aisafishe njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba yake. Mpangaji, uliza mkataba wako unasemaje, ila hata mkataba ukinyamaza, kuna mama mwenye kigari cha mtoto na mzee mwenye mkongojo watakaopita hapo. Kama mbele ya nyumba yenu kuna bomba la zimamoto, lifukueni pande zote kwa hatua moja. Wazimamoto wanaotafuta bomba ndani ya rundo wanapoteza dakika zenu.

Na kabla hujaligusa gari, kuna mlango mwingine mmoja: wa mtu anayeishi peke yake. Mnamjua, kila mtaa yupo. Bibi wa ghorofa ya chini, au yule mzee wa Kipolandi mnayesalimiana kwa mkono tu. Gonga. Tazama bomba lake la hita, angalia kama kibaraza chake kinapitika. Wakati wa dhoruba ile ya Desemba, mtu mmoja aliyekwama Cheektowaga, jirani na Buffalo, alivunja dirisha la shule na kuingiza ndani watu zaidi ya 20 waliokuwa wamekwama kwenye magari, wakala chakula cha shule, wakalala. Aliacha barua ya kuomba radhi kwa dirisha. Polisi walimtafuta ili wamshukuru. Sisi tumelelewa tukijua kwamba mlango wa jirani ni mlango wako. Huku watu wengi hawabishiwi hodi wiki nzima, na baadhi yao wanatungojea.

Paa la nyumba nalipita haraka: usipande. Kuna reki ya mpini mrefu ya kuvutia theluji ukiwa umesimama chini. Ukisikia mbao zinalia, au milango ya ndani imeanza kukwama ghafla, tokeni na mpige simu.

Kisha joto hurudi, na mara nyingine hurudi kwa kishindo. Mwisho wa Desemba ile ile ya 2022, siku chache tu baada ya dhoruba, joto lilipanda hadi nyuzi 10 za Selsiasi na zaidi juu ya sifuri, na marundo yote yakawa maji kwa pamoja. Kwa hiyo utabiri ukisema joto linakuja, toka tena na beleshi. Tafuta chuma cha mfereji wa barabarani mbele ya nyumba, ukifukue maji yapate pa kwenda. Ondoa theluji iliyolala kwenye msingi wa nyumba, hasa juu ya madirisha madogo ya chumba cha chini, na hakikisha bomba linaloshusha maji ya paa linayamwaga mbali na ukuta. Maji yakishaingia chumba cha chini, ambako ndiko kwenye hita na sanduku la umeme, usishuke kuyakanyaga. Piga simu kwa kampuni ya umeme wakate kwanza, ndipo ushuke na ndoo.